Kutupa Taulo: Msemo wa Ulingoni Katika Usemi wa Kila Siku



Huenda umewahi kumsikia mwenzako akisema, baada ya kupokea alama za mtihani wa majaribio, "Mimi Fizikia nimetupa taulo." Hapakuwa na taulo darasani, wala hapakuwa na ulingo. Hata hivyo, ulimwelewa papo hapo: amechoka, amekubali kushindwa, hataki tena kuhangaika na somo hilo.

Msemo huo umetoka katika Kiingereza, "throw in the towel," nao Kiingereza kiliuchukua katika mchezo wa ndondi. Somo hili linaufuatilia msemo huu tangu ulingoni hadi kinywani mwa mwenzako. Limo katika mwongozo huu kwa sababu mbili. Kwanza, vitabu teule unavyosoma, vya Kiswahili na vya Kiingereza, vimejaa wahusika wanaopambana, na mara nyingi utaulizwa kama mhusika alishindwa, alikubali kushindwa au alijiondoa. Hayo ni mambo matatu tofauti. Pili, msemo huu hutumiwa vibaya na watahiniwa wengi kwa sababu hawajui nani hasa hutupa taulo.

MALENGO

Kufikia mwisho wa somo hili, uweze:
(a) kueleza asili na maana ya msemo huu;
(b) kuutumia ipasavyo katika sentensi za Kiingereza na za Kiswahili;
(c) kuutofautisha na semi za Kiswahili zinazokaribiana nao kimaana;
(d) kuutumia kama chombo cha kuchambulia wahusika na mgogoro katika kazi ya fasihi.

1. ASILI YA MSEMO

Ndondi za zamani nchini Uingereza zilipiganwa kwa mikono mitupu, bila glavu. Raundi haikupimwa kwa saa. Iliendelea hadi mmoja aanguke. Aliyeanguka alipewa muda mfupi wa kupumua, nusu dakika hivi, kisha alitakiwa kurudi kwenye mstari uliochorwa katikati ya ulingo. Asipoufikia, ameshindwa. Kanuni za Queensberry, zilizochapishwa mwaka wa 1867, ndizo zilizoleta ndondi tunazozijua leo: glavu, raundi za dakika tatu, na kuhesabiwa hadi kumi.

Kila mpiganaji alikuwa na wasaidizi wake katika kona. Kazi yao ilikuwa kumpa maji, kumfuta damu na jasho, na kumshauri. Chombo chao kikuu kilikuwa sifongo. Wasaidizi walipoona mtu wao hawezi tena, walirusha sifongo juu, ishara ya kwamba upande wao umekubali kushindwa. Ndiyo maana katika karne ya 19 Waingereza walisema mtu "amerusha sifongo." Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, taulo ilichukua nafasi ya sifongo, na msemo nao ukabadilika.

Zingatia jambo moja ambalo ndilo kiini cha somo hili. Katika asili yake, anayetupa taulo si mpiganaji. Ni mtu wa konani. Mpiganaji mwenyewe ana glavu mikononi, macho yamevimba, masikio yanavuma, na mara nyingi angali anataka kuendelea. Mwenye taulo ni yule aliye nje ya kamba, anayeona asichokiona aliye ndani.

2. TAULO NA UHAI

Ukidhani kutupa taulo ni woga, fikiria mifano ifuatayo ya kweli.

Tarehe 1 Oktoba 1975, Muhammad Ali na Joe Frazier walipigana nchini Ufilipino. Pigano lilipangiwa raundi 15. Baada ya raundi ya 14, macho ya Frazier yalikuwa yamevimba kiasi kwamba hakuweza kuziona vizuri ngumi zilizokuwa zikimjia. Yeye alitaka kuendelea. Mkufunzi wake, Eddie Futch, alikataa na kumwashiria mwamuzi alisimamishe pigano, raundi moja tu kabla ya mwisho. Ali akatangazwa mshindi. Futch alikubali kulaumiwa kwa kushindwa huko ili kijana wake arudi nyumbani akiwa hai.

Tarehe 13 Novemba 1982, huko Las Vegas, Marekani, mwanandondi wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, alipigana na Ray Mancini. Pigano lilisimamishwa katika raundi ya 14, lakini muda ulikuwa umepita. Kim alizimia na akafariki siku chache baadaye. Baada ya kifo hicho, Baraza la Ndondi la Dunia, WBC, lilipunguza raundi za mapigano ya ubingwa kutoka 15 hadi 12.

Nasi Kenya tuna jeraha letu. Robert Wangila alitwaa dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988, uzani wa welta, baada ya kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali. Taifa lilishangilia. Julai 1994, baada ya pigano huko Las Vegas, Wangila alifariki kutokana na majeraha ya kichwa. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Kwa hiyo taulo si kitambaa cha aibu tu. Katika ulingo, inaweza kuwa mpaka kati ya kushindwa na kufa. Leo, chini ya kanuni nyingi, mwamuzi ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kusimamisha pigano, lakini jicho la konani bado ndilo la kwanza kuona hatari.

3. MAANA KATIKA USEMI WA KILA SIKU

Msemo ulipotoka ulingoni na kuingia sokoni, ofisini na darasani, ulipoteza mtu mmoja: yule wa konani. Katika Kiingereza cha kila siku, anayepambana ndiye huyo huyo anayetupa taulo. Maana yake ya leo ni kukubali kushindwa na kuacha jambo ambalo mtu alikuwa akilipigania.

Ili msemo ukae sawasawa, mambo matatu hayana budi kuwepo:

(i) Kuna mapambano. Huwezi kutupa taulo katika jambo ambalo hukulianza. Mtu ambaye hakufungua kitabu cha Kemia tangu kidato cha tatu hajatupa taulo. Hakuingia ulingoni.

(ii) Kuna kuchoka au kuzidiwa. Mtu aliyeacha kazi kwa sababu amepata nzuri zaidi hajatupa taulo. Amehama.

(iii) Kuna uamuzi. Aliyezuiwa kwa nguvu hajatupa taulo. Timu iliyopigwa marufuku kushiriki mashindano haikutupa taulo, ilitolewa.

Tazama mifano:

"After three failed harvests, the farmer threw in the towel." Yaani: Baada ya mavuno kuharibika mara tatu, mkulima alikubali kushindwa, akaacha ukulima.

"Don't throw in the towel yet, the results are not out." Yaani: Usikate tamaa kwanza, matokeo hayajatangazwa.

Makosa ya kuepuka katika Kiingereza:

- Usiache neno "in." Ukisema "threw the towel," msomaji ataona mtu anarusha taulo tu, pengine kitandani.
- Usiandike "threw away the towel." Hiyo ni taulo iliyotupwa jalalani.
- Usibadilishe "the" kuwa "my" au "his." Nahau huenda na maneno yake yalivyokaa.
- Usiitumie katika barua rasmi. Barua ya kujiuzulu haisemi umetupa taulo. Msemo huu una sauti ya mazungumzo, gazeti na hadithi.

4. SEMI ZA KISWAHILI ZINAZOKARIBIANA NAO

Magazeti na redio zetu sasa hutumia "kutupa taulo" au "kurusha taulo" waziwazi. Hakuna ubaya, lugha hukopa. Lakini mwanafunzi hodari hujua pia kilichokuwa ghalani kabla ya kukopa.

Kubwaga manyanga. Huu ndio ndugu wa karibu zaidi. Manyanga ni vibuyu vidogo vyenye mbegu ndani, vinavyotikiswa katika ngoma au uganga. Anayeyabwaga chini amesema kwa kitendo kwamba ngoma imemshinda au imemchosha. Linganisha na taulo: kote kuna chombo cha kazi, na kote kukiachilia ndiko kutamka kwamba basi. Kwa tafsiri ya "throw in the towel," nahau hii mara nyingi ndiyo inayofaa kuliko zote.

Kunyoosha mikono, au kuinua mikono. Ni kujisalimisha mbele ya anayekuzidi nguvu. Hapa mpinzani yuko mbele yako na anakutazama. Mtu hanyooshi mikono mbele ya hesabu ya aljebra kwa urahisi, ila kwa mzaha.

Kusalimu amri. Ni msemo wenye harufu ya vita. Unafaa pale ambapo mshindi anachukua mamlaka juu ya aliyeshindwa.

Kukata tamaa. Huu hauelezi kitendo bali hali ya moyo. Mtu anaweza kukata tamaa na bado akaendelea kwenda shambani kila siku kwa mazoea. Vilevile mtu anaweza kubwaga manyanga bila kukata tamaa: ameacha biashara moja kwa akili timamu ili aanze nyingine. Tofauti hii ni muhimu mno unapoeleza sifa za mhusika.

Kunawa mikono. Usiichanganye na hizo nyingine. Anayenawa mikono anajiondoa katika lawama au katika jambo la wengine. Huenda hata hakuwa akipigana.

Tazama pia neno "ulingo" lenyewe. Katika maana yake ya zamani, ulingo ni jukwaa lililoinuliwa shambani, ambapo mtu huketi kuwafukuza ndege na wanyama wasile mazao. Baadaye neno likahamia kwenye ndondi, na sasa kila msimu wa uchaguzi unasikia "ulingo wa siasa." Neno limesafiri kutoka shamba la mtama hadi ngumi, na kutoka ngumi hadi kura. Msemo wa taulo umefanya safari ya namna hiyo hiyo.

5. NDUGU ZA MSEMO HUU

Ndondi zimekipa Kiingereza semi nyingi. Hizi tano utakutana nazo mara kwa mara:

"On the ropes." Mpiganaji aliyesukumwa hadi kwenye kamba hana pa kurudi. Katika usemi wa kawaida: yu taabani, karibu kushindwa. Angalia kwamba bado hajashindwa.

"Below the belt." Ngumi ya chini ya mshipi imekatazwa. Katika usemi wa kawaida: maneno au kitendo kisicho cha haki, kinachomchoma mtu pasipostahili, kwa mfano kumsuta mtu kwa ugumba au uyatima wake.

"Saved by the bell." Kengele ya mwisho wa raundi humwokoa aliyelemewa. Katika usemi wa kawaida: kunusurika dakika ya mwisho. Mwalimu alikuwa akielekeza swali kwako, kengele ya mapumziko ikalia.

"Up to scratch." Ule mstari wa katikati tulioutaja. Aliyeufikia anafaa kuendelea. Katika usemi wa kawaida: kufikia kiwango kinachotakiwa.

"Throw one's hat into the ring." Zamani, mtu katika umati aliyetaka kupigana alirusha kofia yake ulingoni. Katika usemi wa kawaida: kutangaza kwamba unawania nafasi fulani. Kwa Kiswahili tungesema amejitosa kinyang'anyironi. Kofia huingia, taulo humtoa mtu. Ukizikumbuka pamoja hutazichanganya.

Tanbihi: Katika isimujamii, semi hizi zikitumiwa na mtangazaji wa ndondi ni msamiati wa sajili ya michezo. Zikitumiwa na mwanasiasa au mwanafunzi, zimehama sajili na kuwa nahau. Ukipewa kifungu chenye neno "taulo" usikimbilie kuandika "sajili ya michezo." Soma kwanza uone nani anasema, wapi, na kuhusu nini.

6. KUUTUMIA MSEMO KATIKA UCHAMBUZI WA FASIHI

Unaposoma kitabu teule, mhusika akiacha mapambano, jiulize maswali manne:

(a) Alikuwa akipigania nini, na dhidi ya nani?
(b) Nani alitupa taulo: yeye mwenyewe au mtu wa konani mwake?
(c) Je, mtu huyo alikuwa na haki ya kuitupa?
(d) Kuacha huko kuliokoa nini, na kulipoteza nini?

Tuchukue mfano wa tamthilia ya A Doll's House ya Henrik Ibsen, iliyochapishwa mwaka wa 1879, ambayo wanafunzi wa Kenya wameisoma katika Kiingereza. Nora alighushi sahihi ya babake ili akope pesa za safari ya kumponya mumewe, Torvald Helmer. Kwa miaka mingi anailipa deni hilo kwa siri. Krogstad, aliyemkopesha, anatishia kufichua. Siri inapofichuka, Torvald anamshutumu mkewe kwa ukali. Hati ya deni inaporudishwa na hatari kwisha, anageuka na kudai amemsamehe. Nora anaondoka, akiacha mume na watoto watatu.

Je, Nora ametupa taulo?

Mwanafunzi mmoja atasema ndiyo: amepambana kuinusuru ndoa yake, amezidiwa, ameamua kuondoka. Masharti yetu matatu yametimia.

Mwingine atasema la: Nora hakuzidiwa na mpinzani. Aligundua kwamba pigano lenyewe halikuwa lake. Alikuwa akipigania nyumba ambamo alichukuliwa kama kikaragosi. Aliyetoka ulingoni kwa sababu ameona ulingo si wake hajashindwa. Huyu, asema mwanafunzi wa pili, amerusha kofia katika ulingo mwingine: ule wa kujijua kama binadamu.

Majibu yote mawili yanaweza kupata alama nzuri yakitolewa ithibati. Jibu lisilopata kitu ni lile linalosema "Nora alikata tamaa" na kuishia hapo.

Sasa tazama kona ya Nora. Rafiki yake, Bi. Linde, alikuwa na nafasi ya kusimamisha mambo. Krogstad alikuwa tayari kuomba barua yake irudishwe kabla Torvald hajaisoma. Bi. Linde akakataa. Aliona heri ukweli ujulikane kati ya mume na mke. Alishika taulo mkononi, akaamua kutoitupa. Alikuwa rafiki mwema au mkatili? Hilo ni swali zuri la insha, na umelipata kwa sababu tu umejua kwamba taulo hushikwa na mtu wa konani.

7. ZOEZI

Soma kifungu kifuatacho, kilichotungwa kwa ajili ya somo hili, kisha ujibu maswali.

Kazungu aliiweka barua ya wakili mezani. Kesi ya shamba ilikuwa imeahirishwa tena, mara hii hadi Novemba. Mbuzi waliobaki zizini walikuwa wawili.

"Mama," alisema, "miaka tisa yatosha. Kila ukienda mahakamani mbuzi mmoja anaondoka. Wenzako wa rika lako wanapumzika, wewe unalala kwenye basi. Nimemwambia wakili tuachane nayo. Mimi ndiye kona yako, na leo natupa taulo."

Mama yake hakuinua sauti. Aliendelea kuchambua mchicha, akitenga majani na vijiti.

"Kazungu, mwanangu, wajua marehemu babako alipigana ngumi kwa miaka sita. Nani alimshikia ndoo?"

"Ni wewe, Mama."

"Nilimfuta damu usiku mwingi, na mara moja tu nilitupa taulo. Hakunisemesha wiki nzima. Baadaye akanishukuru. Lakini taulo ile ilikuwa imelowa jasho lake, kwa kuwa nilikuwa nimemfuta tangu raundi ya kwanza." Akanyamaza kidogo. "Yako iko kavu, mwanangu. Tangu kesi hii ianze hujapanda basi nami hata siku moja. Hiyo si taulo. Hiyo ni leso ya kuniagia."

Kazungu alitazama barua. Kisha alivuta kiti, akaketi, akaanza kumsaidia kuchambua mchicha.

"Novemba tarehe ngapi?" mama aliuliza.

"Kumi na tatu."

"Basi la kwanza huondoka saa kumi na moja alfajiri," alisema mama.

Maswali

(a) "Yako iko kavu, mwanangu." Eleza muktadha wa dondoo hili. (alama 4)
(b) Eleza jinsi mwandishi alivyotumia jazanda katika kifungu. (alama 4)
(c) Taja na ueleze sifa mbili za mama. (alama 4)
(d) Je, kufikia mwisho wa kifungu, taulo imetupwa? Thibitisha. (alama 3)
(e) Andika upya sentensi hii ukitumia nahau ya Kiswahili badala ya iliyopigiwa mstari: Jirani yao _alitupa taulo_ baada ya mwaka mmoja tu wa kesi. (alama 1)

Majibu ya kupendekezwa

(a) Maneno haya yanasemwa na mama yake Kazungu. Anamwambia Kazungu. Wako nyumbani, mama akichambua mchicha. Ni baada ya Kazungu kumwarifu kwamba amemwambia wakili waache kesi ya shamba.

(b) Jazanda ya ndondi imeendelezwa kifungu kizima. Kesi ni pigano. Mama ni mpiganaji. Kona ni nafasi ya mtu wa karibu anayepaswa kumsaidia. Taulo iliyolowa jasho ni haki ya kuamua kwa niaba ya mwenzako, haki inayotokana na kushiriki taabu yake, na taulo kavu ni uamuzi wa mtu ambaye hakushiriki. Leso ya kuagia ni kumtelekeza mtu kwa kisingizio cha kumwonea huruma.

Zingatia: usitaje "taulo ni jazanda" ukaishia hapo. Eleza kila kipande cha picha kinasimamia nini.

(c) Ni mvumilivu: amefuata kesi miaka tisa. Ni mwenye busara: anamkosoa mwanawe kwa kisa cha babake bila kupaza sauti. Unaweza pia kutaja kwamba ni jasiri au ni mkweli, mradi utoe ithibati.

(d) La. Mama anauliza tarehe ya kesi na kutaja saa ya basi. Pia Kazungu anaketi na kumsaidia, ishara kwamba ameacha msimamo wake na pengine ataandamana naye. Atakayesema kwamba haijulikani naye asikike, iwapo ataonyesha kwamba Kazungu hakutamka wazi kuwa amebadili nia.

(e) Jirani yao alibwaga manyanga baada ya mwaka mmoja tu wa kesi.

8. NENO LA MWISHO KWAKO

Kiswahili kina methali isemayo: Asiyekubali kushindwa si mshindani. Kina nyingine isemayo: Mvumilivu hula mbivu. Wanafunzi wengi hudhani methali hizi zinapingana. Hazipingani. Ya kwanza yafaa baada ya kengele ya mwisho. Ya pili yafaa kabla yake. Kazi ngumu ni kujua umefika wapi katika pigano lako.

Wewe uko kidato cha nne. Huenda kuna somo linalokupiga ngumi tangu muhula wa kwanza, na umeanza kuitazama taulo. Kabla hujaitupa, kumbuka jambo tulilojifunza: katika ulingo, mpiganaji hapewi taulo, kwa sababu aliyechoka na kuvimba macho si mwamuzi mzuri wa hali yake. Tafuta mtu wa konani. Awe mwalimu, mzazi au mwenzako anayelimudu somo hilo, lakini awe amekufuta jasho, si mpita njia. Mwonyeshe madaftari yako na karatasi ulizosahihishiwa. Mwulize anaona nini. Huenda akakwambia kwamba bado raundi mbili, na kwamba kinachokuangusha ni mada tatu tu, si somo zima.

Na ikiwa siku moja wewe ndiwe utakayekuwa konani mwa mtu mwingine, mfute jasho tangu raundi ya kwanza. Ikibidi kuitupa taulo, iwe imelowa.